Rangi ya Kucha kwenye Nati

Sindano alipiga magoti kwenye maji meusi yaliyoachwa na wazimamoto, akamwambia koplo amshikie tochi vizuri, si kama mtu anayetafuta kandambili chini ya kitanda.

Sindano halikuwa jina lake. Wenzake wa kituoni walimbandika jina hilo kwa sababu katika mahojiano alikuwa na tabia ya kuchoma palepale panapouma, halafu kutulia kama hakufanya kitu. Kazi yake ilikuwa kupeleleza moto: ulianzia wapi, uliwashwa na nini, na kwa mkono wa nani. Asubuhi hiyo moto wenyewe ulikuwa umeshazimwa tangu jana, lakini stoo bado ilinuka plastiki iliyoungua, harufu inayokaa kooni hata ukitema mate.

Stoo ilikuwa chumba kidogo nyuma ya nyumba. Ukutani palikuwa na ubao wa saruji uliofungwa kwa skrubu, na juu ya ubao huo betri mbili nyeupe, kila moja kubwa kama sanduku la nguo. Juu ya betri hizo ilikaa mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe umeme wa nyumbani. Betri ya kulia ilikuwa nzima, ila imepakwa masizi. Ya kushoto ilikuwa imeyeyuka bega moja. Moto haukwenda mbali. Ubao wa saruji uliuzuia usipande ukutani. Ila moshi ulipanda, ukatafuta upenyo kati ya ukuta na dari, ukashuka chumba cha pili alikokuwa amelala mtoto wa miaka sita.

Mtoto huyo mtaani walimwita Chiriku, kwa sababu alikuwa haishiwi maneno. Sasa alikuwa hospitali, amefunikwa barakoa ya hewa, hasemi hata moja.

Mkuu wa kituo alikuwa ameshapiga simu kabla Sindano hajamaliza kuvaa mabuti. Kwa Mkuu, kesi ilikuwa imejiandika yenyewe. Mama wa mtoto ni mshonaji, si fundi umeme. Alijifungia betri kwa mikono yake. Moto umetoka kwenye betri, mtoto hajiwezi. Kuna nini tena cha kupeleleza? Alitaka Mama Chiriku awe mahabusu kabla alasiri haijaisha, kwa uzembe uliohatarisha maisha. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba daktari bado hajajua kama mtoto atavuka, na asipovuka basi kosa hilo litabadilika jina.

Ndiyo maana Sindano hakutaka kuinuka pale chini. Akikosea, mtoto atazinduka amkose mama yake, au mama ataletewa habari akiwa nyuma ya vyuma.

"Ingia ndani," alimwambia mtu aliyesimama mlangoni. "Hapaungui tena."

Mtu huyo alikuwa mkaguzi wa ofisi ya umeme, mwembamba, mwenye miwani aliyokuwa akiifuta tangu alipofika kana kwamba masizi yalikuwa kwenye kioo na si ukutani. Ofisi yake iliruhusu mwenye nyumba ajifungie betri mwenyewe, kwa sharti moja: mkaguzi apite, akague, na akiridhika abandike kibandiko cha kijani. Kibandiko kilikuwepo, pembe moja imekunjamana kwa joto. Saini ilikuwa yake.

Sindano alimtazama kutoka chini. "Nieleze kitu kimoja. Ulikagua, au ulibandika ukiwa umekaa garini?"

"Afande, nyumba hii nimekuja mara nyingi kuliko ninavyokwenda ukweni."

"Hilo halinijibu. Wapo wanaokwenda ukweni kila wiki na hawaingii ndani."

Koplo alitazama pembeni kuficha tabasamu. Mkaguzi hakutabasamu. Alianza kueleza, na alipoanza hakukatika. Mara ya kwanza alimkatalia mshonaji kwa sababu betri zilikuwa chini ya dirisha la chumba cha kulala. Mshonaji akazihamisha. Akamkatalia tena kwa sababu nyaya zilikuwa nyembamba kwa mzigo ule. Mshonaji akazing'oa, akafunga nene. Akamkatalia kwa sababu swichi ya kukatia umeme ilikuwa nyuma ya rafu, mahali ambapo mtu mwenye haraka asingeifikia. Hapo ndipo yule mama alipomwambia kwamba mteja msumbufu namna hii angemshonea suruali yenye mguu mmoja. Lakini swichi aliihamisha, akaweka na king'ora cha moshi ambacho hakuombwa. Ni king'ora hicho kilicholia jana, babu yake mtoto akiwa uani, akaingia na kumtoa.

"Na nati?" Sindano aliuliza. "Umeme wote wa hapa unapita kwenye nati hizi. Nani alizikaza?"

"Alikaza yeye mbele yangu, kwa spana yenye kipimo, ile inayolia nguvu ikitimia. Kisha nikapita mimi mwenyewe, moja baada ya nyingine. Kisha nikaziwekea alama." Alitia mkono mfuko wa shati, akatoa kichupa kidogo chenye mfuniko mweusi. Rangi ya kucha, nyekundu.

Safari hii koplo alishindwa. "Umemwibia mama watoto?"

"Ni yangu," mkaguzi alisema kwa heshima zote. "Mke wangu anapaka ya waridi."

Alichutama karibu na Sindano, suruali yake ikilowa magotini, na akasahau kuogopa masizi. Nati ikishakazwa, alisema, yeye huvuta mstari mmoja mwembamba unaoanzia juu ya nati na kushukia kwenye chuma kilicho chini yake. Rangi inakauka kwa dakika chache. Kuanzia hapo, nati ikigeuzwa hata kidogo, mstari unakatika. Ofisini wanamcheka, wanamwita Saluni. Lakini akirudi nyumba aliyoikagua, hana haja ya kumuuliza mtu kama amegusa.

Sindano alichukua tochi mikononi mwa koplo. Akavuta kitambaa, akaanza kufuta masizi taratibu, nati baada ya nati, kama mtu anayemsafisha mtoto macho.

Kila betri ilikuwa na nati mbili kubwa, moja ya upande chanya, nyingine ya upande hasi. Chanya ya betri ya kulia: mstari mwekundu umenyooka, haujakatika. Chanya ya betri iliyoungua: rangi imekuwa kahawia kwa joto, lakini imenyooka. Hasi ya betri iliyoungua, hapo ndipo moto ulipoanzia. Hapakuwa na rangi wala mstari, kulikuwa na chuma kilicholiwa na moto, pamoja na waya uliokauka kama utambi. Ikabaki hasi ya betri ya kulia, ile ambayo moto haukuifikia.

Alifuta. Akasogeza tochi.

Kipande cha mstari kilichokuwa juu ya nati kilitazama ukutani. Kipande kilichokuwa kwenye chuma kilitazama mlangoni.

"Imefunguliwa," mkaguzi alinong'ona. Sauti yake ilikuwa na nafuu, na papo hapo ikaona aibu kuwa na nafuu. "Baada yangu. Basi si mimi, Afande."

"Sijasema si wewe. Nimesema kuna mtu alikuja baada yako." Kwa kweli alikuwa hajasema lolote, lakini mkaguzi hakubisha.

Sindano aliinamisha uso mpaka pua ikakaribia chuma. Kuzunguka nati ile kulikuwa na vidonda vidogovidogo, vingi, kama chuma kilichougua ndui. Vingine vilikuwa vinang'aa, vingine vimeshapata kutu. Alimuuliza mkaguzi ni nini. Mkaguzi alisema ni cheche. Mtu akiunganisha waya bila kuzima kwanza ile swichi ya kukatia, umeme huruka kabla chuma hakijagusana, na kila ukiruka unang'ata. Na nati ikirudishwa ikiwa imelegea, umeme unapita kwa shida, unapapasa, pale panapopapaswa panapata joto. Siku moja joto linatosha.

Kwa hiyo, Sindano alijipangia huku akikung'uta magoti, mtu huyo hakuja mara moja. Alikuja mara kwa mara. Hakuzima swichi. Alifungua betri zote mbili, maana aliyeigusa hii ya kulia hakuwa na sababu ya kuiruka ile ya kushoto. Na aligusa upande hasi tu. Hilo la mwisho ndilo lililomkwamisha. Mtu anayetaka kuharibu hachagui upande. Mwizi wa nyaya hachagui, anabeba zote.

"Nani anaingia humu?" alimuuliza koplo, ambaye asubuhi alikuwa amezunguka kwa majirani.

Mama Chiriku mwenyewe. Baba yake mzazi, Mzee, anayeishi nao. Mtoto. Na jirani mmoja fundi umeme, anayeitwa Volti, ambaye Jumapili iliyopita alionekana akitoka uani kwao huku amekunja uso.

* * *

Volti alikuwa na kibanda cha kutengeneza feni na pasi, nyaya zimening'inia mlangoni kama pazia. Mtaa mzima ulijua alivyochukia ule mradi wa betri. Alikuwa amesema hadharani kwamba umeme si kushona, ukikosea mshono unafumua, ukikosea waya unafumuliwa wewe. Sindano alipoketi kwenye kiti cha wateja, Volti alianza kujitetea kabla hajaulizwa, na kwa dakika kadhaa Sindano alimwacha, kwani mtu anayejitetea bila swali husema mengi.

Ndiyo, aliingia mle stoo Jumapili. Ndiyo, alikwenda kutafuta kosa, hakatai. Mshonaji alimpita yeye, fundi wa mtaa, akajifundisha mwenyewe na kuanza kushindana na mkaguzi kama wakili, na jambo hilo lilimuuma. Alitaka apate hata kikosa kidogo cha kumrudishia heshima.

"Ukapata?"

Volti alichezea bisibisi. "Sikupata."

"Sema vizuri, nisikie."

"Sikupata kitu, Afande. Yule mama hata kifuniko hakukifungua mpaka alipozima swichi. Akazima, akasimama anangoja, kama mtu aliyemiminiwa chai ya moto. Nikamwambia fungua bwana, mimi ni fundi. Akaniambia hapa ndani fundi ni swichi." Alishusha pumzi. "Ilinibidi nimpe mkono. Usiwaambie watu."

Aliapa hakugusa nati. Kuhusu kama alimwona mtu mwingine akiingia mle, hakumwona. Kisha akauliza hali ya mtoto, na alipoambiwa bado hajazinduka aliweka bisibisi chini na hakujua aweke wapi mikono. Chiriku, alisema, humkalisha hapa kila jioni akamuuliza maswali mpaka kichwa kinamzunguka.

Sindano alimwamini, jambo ambalo halikumfurahisha. Mtuhumiwa mwenye chuki angekuwa rahisi. Chuki ikitoka, waliobaki ni mama na babu.

Alisimama nje ya kibanda, simu ikitetemeka mfukoni. Alijua ni Mkuu, hakuipokea. Koplo alikuwa ametangulia garini. Ng'ambo ya barabara, lori la mchanga lilikuwa limeegeshwa, na dereva wake alikuwa ameshashuka, chakula chake kwenye mfuko wa plastiki mkononi, mwendo wa mtu mwenye njaa. Akafika nusu ya njia, akakumbuka kitu, akarudi. Akafunua sanduku la betri ubavuni mwa lori. Akatoa spana mfukoni, akalegeza, akavua waya mmoja, akaukunja pembeni. Mmoja tu. Akafunika, akaenda zake kula.

Sindano alivuka barabara, akamfuata. Alimuuliza amevua waya upi.

Dereva alimtazama mwanamke huyo mwenye masizi magotini, akaona bora ajibu. "Hasi, dada. Si ndio unavuliwa? Ukivua huo, hata gari likifanyiwa nini haliwaki wala haliungui."

"Kila ukiegesha?"

"Kila nikiegesha. Na mvua ya radi ndiyo kabisa. Nimefundishwa hivyo na aliyenifundisha."

Sindano alimshukuru, akamtakia mlo mwema, akarudi garini. Hakuanzisha maongezi na koplo njia nzima, isipokuwa swali moja: baba yake Mama Chiriku alistaafu kazi gani?

"Dereva wa masafa," koplo alisema. "Malori. Majirani wanasema alikuwa anaondoka mwezi mzima. Jana ndiye aliyeingia kwenye moshi. Wanamwita shujaa."

* * *

Korido ya wodi ya watoto ilikuwa ndefu, yenye benchi za chuma na viti vichache vya plastiki. Mama Chiriku alikuwa amekaa karibu na mlango, utepe wa kupimia nguo bado ukining'inia shingoni, maana jana alikimbia kutoka kwa mteja na hakukumbuka kuuvua. Alikuwa na macho makavu ya mtu ambaye hajalala. Alipomwona Sindano na koplo nyuma yake, alisimama mwenyewe.

"Mmenifuata."

"Nimekuja kuuliza."

"Hamna haja. Ni mimi, Afande. Juzi nilifungua nati za upande hasi nisafishe vumbi. Nikaitwa na mteja, nikazirudisha haraka, sikuzikaza kwa kipimo. Nilijua. Nikasema nitakaza kesho. Andika hivyo, nitie saini, halafu nakuomba nibaki mpaka aamke. Nikimwona amefumbua macho tu, nitakwenda na nyie kwa miguu yangu."

Koplo alikuwa ameshagusa pingu kiunoni. Sindano alimwashiria akae.

"Upande hasi," Sindano alisema. "Nani amekwambia ni hasi? Mimi sijamwambia mtu."

Mama Chiriku alisita. "Si nimekwambia, nilifungua mimi."

"Sawa. Nieleze ulivyofungua. Hatua kwa hatua, polepole, mimi si fundi."

Akaeleza. Kwamba alizima swichi ya kukatia, akangoja mashine itulie, akafunua kifuniko, akashika spana… Sindano alimwacha afike mwisho. Mwanamke huyu alikuwa tayari kubeba kosa la gereza, lakini hata katika uongo hakuweza kufanya kazi vibaya.

"Aliyefungua nati zile hakuzima swichi," Sindano alisema kwa upole. "Hajawahi kuzima hata siku moja. Chuma kimejaa vidonda vya cheche. Wewe si yeye."

Ndani ya wodi mashine fulani ililia mara kadhaa ikanyamaza, na Mama Chiriku akageuza shingo kama aliyevutwa kwa uzi, akangoja, akarudisha macho.

"Ulijua lini?"

Alizungumza akitazama sakafu, na maneno yalimtoka kidogokidogo. Mwezi uliopita alirudi nyumbani siku ya radi, akakuta cherehani hakiwaki, feni haizunguki, na baba yake ametulia kibarazani na spana mfukoni, ameridhika kama mlinzi aliyefunga geti. Alimweleza: Baba, hii si betri ya lori, hii kuna swichi, nati haziguswi. Baba akasema sawa, mwanangu. Yeye akakagua, akakaza upya, akaamini yamekwisha. Jana, wazimamoto walipomwacha aingie na akaona moto ulipoanzia, alielewa.

"Nakuomba usimuulize," alisema, na sasa alikuwa ameushika mkono wa Sindano. "Aliingia kwenye ule moshi anatambaa, na umri ule. Mikono imeungua kwa sababu alishika mlango wa chuma. Mtoto huyu ndiye roho yake. Akijua ni yeye, nitawapoteza wote wawili. Niandike mimi. Mimi bado kijana, nitatoka."

"Na mtoto akiamka?"

"Ataamka na babu yake."

"Watarudi nyumbani wawili, peke yao. Siku ya radi babu atatafuta spana yake, kwa sababu hakuna aliyemwambia." Sindano hakupandisha sauti. "Hapo utakuwa umemficha kitu gani?"

Mama Chiriku aliuachia ule mkono.

Mzee alikuwa anakuja kutoka mwisho wa korido, mrefu, amejikunja kidogo mgongo kama watu walioketi nyuma ya usukani maisha yao yote. Mikono ilikuwa imezungushiwa bandeji mpaka vifundoni, na kati ya viganja hivyo vyeupe alikuwa amebana chupa ya maji aliyomletea bintiye. Muuguzi mmoja aliyempita alimgusa bega kwa heshima. Alimpa bintiye maji, akamsalimu Sindano, akauliza kama ni yeye polisi wa moto, akaketi kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa chake tangu jana.

Sindano alivuta kiti kingine, akakaa ana kwa ana naye. Nyuma ya bega la Mzee alimwona Mama Chiriku akitikisa kichwa, mara moja, polepole.

"Mzee, naambiwa umeendesha malori."

Uso wake ulifunguka kidogo. Aliendesha, alisema, mpaka magoti yalipomkatalia. Na hajawahi kuunguza gari. Wenzake waliunguza, wengine wakiwa wamelala humo humo ndani. Yeye hapana.

"Siri yako ilikuwa nini?"

"Si siri, mwanangu. Gari likilala, betri inavuliwa kichwa. Waya wa hasi. Hata ukiwa hoi, hata mvua ikikunyeshea, unavua kwanza ndipo unalala." Aliinua mkono wa bandeji kuonyesha, akaukumbuka, akaushusha. "Hata pale nyumbani ninafanya. Huyu binti yangu amefunga betri nzuri sana, hakuna wa kumshinda, lakini anaamini swichi. Swichi mimi siiamini. Waya unabaki umeshika. Aliniambia nisiguse, nikamkubalia asije akakasirika. Lakini radi ikipiga, na mimi ndiye niliyeachiwa mtoto, nitakaa tu nitazame?"

"Jana radi ilipiga."

"Asubuhi. Nikavua zote mbili. Mtoto alipotoka shule akasema babu kuna joto, nataka feni. Nikarudisha."

"Ukakaza?"

"Nikakaza. Si sana. Kichwa cha betri ni madini ya risasi, laini, ukikaza kwa nguvu unakikata. Unakaza mpaka spana inakwambia imeshika, hapo unaacha. Nimefundisha vijana wengi…"

Alimtazama Sindano, kisha magoti ya Sindano yenye masizi, kisha akageuka kumtazama bintiye, na bintiye hakuwahi kubadilisha uso.

"Mbona mnaniuliza habari za nati?"

Sindano alikuwa amewaeleza watu mambo mengi kwenye korido kama hii. Alieleza hili kwa maneno machache kadiri alivyoweza. Betri ya nyumbani si kama ya lori. Kichwa chake ni kigumu, kinataka mkazo mkali wa kipimo. Nati ikirudishwa kwa mkazo wa lori, inalegea. Ikilegea inapata joto. Jana joto lilitosha. Alisema hii itaandikwa ajali, na atasimama mbele ya yeyote kusema ni ajali, lakini haiwezi kuandikwa bila jina la aliyefungua.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza injini.

"Ulikuwa unajua," alimwambia bintiye.

"Baba…"

"Ukataka wakuchukue wewe."

Mama Chiriku alipiga magoti mbele ya kiti, akaziba uso kwa viganja. Mzee aliweka bandeji juu ya kichwa chake. Hakulia. Alipumua kwa mdomo, kama mtu aliyepanda ngazi nyingi.

"Andika jina langu, mwanangu," alimwambia Sindano. "Liandike kwa herufi kubwa, wasije wakalichanganya na la huyu."

Mlango wa wodi ukafunguliwa. Muuguzi alitoa kichwa, akatafuta kwa macho, akatabasamu kwa uchovu. Mtoto amefumbua macho, alisema. Wamemtoa barakoa kwa muda. Tayari ameshauliza maswali zaidi ya daktari. Aingie mtu mmoja tu, asichoshwe.

Mama Chiriku alikuwa ameshasimama, mkono mlangoni.

"Anamtaka babu yake," muuguzi alimaliza.

Mzee hakusogea. Kwa mara ya kwanza tangu Sindano amwone, alionekana mzee kweli. Bintiye alimwendea, akamfuta masizi yasiyokuwepo begani, akamwambia kwa sauti ndogo aende, amshike mkono, amwambie tu hajambo. Hayo mengine hana haja ya kuyajua. Ana miaka sita.

"Ataniuliza moto ulitoka wapi," Mzee alisema. "Yule hawezi kuacha kuuliza. Na mimi sijawahi kumdanganya."

Alijishika magoti kwa viganja vya bandeji, akainuka. Hakuomba ruhusa ya polisi wala ya binti. Alipita katikati yao, akasukuma mlango kwa bega, na kabla haujajifunga walisikia sauti nyembamba, ya kukwaruza, ikianza swali.

Koplo alisogea, akamuuliza Sindano sasa wanamchukua nani.

"Hakuna. Kaa chini."

Sindano akakaa kwenye kile kiti cha plastiki, kikiwa bado na joto la Mzee. Mama Chiriku akakaa kando yake. Nyuma ya mlango maswali yalikuwa yamekatika. Ilisikika sauti moja tu, nzito, ya taratibu, ikieleza.